Mama Kabedi Akataa Kupanda

Kuna mzigo unaofungwa kwa kamba, na kuna mzigo unaofungwa kwa macho. Asubuhi ile, katika ua wa baba yake, Tata Badibanga, pale Kolwezi, mizigo ilikuwa ya namna zote mbili, na Mujinga alisimama katikati asijue aanze na upi.

Barazani kulikuwa na vitu vya wazazi wake: godoro lililokunjwa na kukazwa kwa mpira wa tairi, masufuria yaliyopakatana kama watoto wa tumbo moja, cherehani ya mama yake, gunia la unga. Vitu vya watu wanaokwenda bila kurudi. Familia zenye asili ya Kasai zilikuwa zimeambiwa na wenyeji wa Katanga zirudi kwao, na kila kukicha mtaa ulipungukiwa na nyumba. Kwao! Mujinga aliijua Kasai kwa nyimbo za mama yake tu. Kitovu chake kilizikwa hapa hapa, katika udongo huu mwekundu, na baba yake alikuwa amezeekea kwenye mashimo ya shaba ya mgodi uitwao Mashamba.

Chini ya mparachichi kulikuwa na vitu vya namna nyingine kabisa. Mukalay alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki yake, kamba mdomoni, akipima mzigo wa kushoto usiuzidi wa kulia. Alikuwa fundi wa pikipiki, kijana wa kaskazini ya Katanga, mtu wa maneno machache na mikono mingi. Tangu kiangazi kilichopita yeye na Mujinga walikuwa wakiiota safari moja: ndoa ikiisha, wapande pikipiki mpaka Nzilo, pale mto Lualaba unapotulia na kuwa ziwa, walale ndani ya hema karibu na maji. Hema lenyewe Mukalay alilishona kwa mkono wake, kwa turubai la lori. Watu wa mtaa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mwenye nyumba anakwenda kulala porini kutafuta nini?

Sasa Nzilo ilikuwa karibu mno kwa watu wanaotaka kukimbia. Safari ilikuwa imerefuka.

"Kuya uone," Mukalay alimwita, akitoa kamba mdomoni. "Uku bidoni ya mafuta. Uku unga, chumvi na samaki ya makayabu. Sufuria moja, kikombe kimoja."

"Kimoja? Na mi nitakunywa mu kiganja?"

"Utakunywa wa kwanza, mi nitakunywa wa pili. Pale mudomo yako imegusa, maji inakuwa tamu."

Mujinga akageuza uso asionekane akitabasamu. Hakuwa na haki ya kutabasamu asubuhi ile. Lakini Mukalay aliliona lile tabasamu likitoroka pembeni mwa shavu, na moyo wake ukanywa humo kama mtu aliyetoka juani.

"Tukitoka hapa tunashika njia ya kusini," aliendelea kwa sauti ya chini, kama anayemsimulia mtoto ili alale. "Tunapita mu pori mupole mupole. Jua likianza kushuka tunatafuta kijito. Mi nafunga hema, we unawasha moto. Kesho yake tena. Mupaka tuvuke, tufike Zambia, ku Solwezi. Mukubwa wangu, Yaya Kisimba, eko na karakana yake kule, alisema iko kazi na iko chumba. Kule hakuna mutu atakuuliza tata yako alizaliwa wapi."

"Na mvua ikitunyeshea?"

"Tutasogeleana."

"Na simba?"

"Tutasogeleana sana."

Mujinga alicheka, na kicheko kikamponyoka juu kuliko alivyotaka. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na ua wala magunia. Palikuwa na kijito, moshi mwembamba ukipanda kati ya miti, na mtu huyu amekaa upande wa pili wa moto akimtazama, hana haraka, dunia nzima haina haraka.

"Kitendawili," Mukalay akasema.

"Tega."

"Bandugu wawili wanakimbizana kila siku, na wa nyuma hamufikie wa mbele."

Mujinga alifikiri, kidole kidevuni. "Ni mi na we?"

"Ni matairi ya pikipiki, we! Mi nimekufikia zamani."

"Bado," alisema Mujinga, na sauti yake ikabadilika. "Bado, Mukalay. Mama hajasema neno."

Hapo ndipo penyewe. Mujinga angeweza kuvuka pori na mito, angeweza kulala juu ya majani. Lakini kuondoka bila neno la mama yake, hapana. Msichana anayeondoka bila baraka za mama huondoka nusu, na ile nusu nyingine hubaki ikilia mlangoni. Kama mama yake asingelitoa neno hilo leo, angepanda treni kwenda Kasai pamoja na wazazi wake, na Mukalay angekwenda Zambia na kikombe chake kimoja. Walikwisha kukubaliana hivyo, wote wawili wakiwa wameinamisha vichwa.

Mlango ukalia. Mama Kabedi akatoka akijishikilia ukutani. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu mvua za mwisho, na kutoka chumbani mpaka barazani ilikuwa safari. Akamwona Mukalay. Akamnyoshea mkono mzima, akamkazia macho usoni.

"Jambo, mutoto wa bantu. Kamata mukono. Umelala muzuri?"

"Muzuri, Mama."

Mtu wa mbali angesema, tazama mama mkarimu. Lakini watu wa nyumba ile walijua. Kwa desturi yao, mama hamgusi mkwe wake. Hamtazami machoni, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Hiyo ndiyo heshima, na huanza siku mama anapomkubali kijana. Sasa Mama Kabedi, tangu Mukalay alipokuja kujitambulisha, hakuacha kumpa mkono. Siku moja alimmegea hata tonge la bukari kutoka sahani yake mwenyewe. Kila mara alipomshika mkono alikuwa akimwambia bila kutamka: wewe kwangu ni kijana wa njiani tu. Mukalay alipokea ule mkono kama mtu anayepokea makaa ya moto, akashukuru.

"Mama," Mujinga alianza, "Mukalay amekuya juu ya ile neno..."

"Ile neno nimeisikia. Mi niko na kufunga masufuria." Akaketi juu ya gunia. "Bandugu zake banatutoa mu nyumba, na yeye anataka kunitoa mutoto. Banagawana kazi?"

"Mama! Yeye hakumufukuza mutu. Baba yake mudogo amemukatalia hata chakula juu yangu."

"Basi nimuonee huruma," alisema mama, lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na mkono wake ulikuwa ukipapasa cherehani kama unavyompapasa mtoto mwenye homa.

Mukalay akainamia kamba. Alikaza fundo lililokwisha kukazika.

Lango likasukumwa. Akaingia Tata Badibanga, kofia mkononi, na nyuma yake Mama Odile, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Wa pusi-pusi hakuye tena," Tata Badibanga alisema. Yule mwenye mkokoteni aliyeahidi kubeba mizigo na mama alikuwa ameogopa kuonekana nao. "Na bantu banasema treni inaweza kufika leo. Ukikosa nafasi leo, hakuna mutu anajua ingine itakuya siku gani. Lazima tuende sasa."

"Twende, basi," alisema Mama Kabedi, akajaribu kusimama. Miguu ikakataa. Akakaa tena juu ya gunia, akajifanya ni yeye aliyetaka kukaa.

Mzee akamtazama mkewe, kisha mizigo, kisha njia ndefu iliyokuwa nje ya lango. "Godoro nitabeba," alisema polepole. "Cherehani nitarudia. We, Kabedi, nitakubeba na nini?"

Parachichi moja lilianguka mtini likagonga ardhi, na wote wakalitazama kana kwamba lilikuja na habari.

Mukalay akasimama. Akaitazama pikipiki yake, iliyofungwa tangu alfajiri, kila kitu mahali pake, safari nzima imelala juu yake kama mtoto aliyelishwa. Akapiga magoti tena. Akaanza kufungua.

Fundo la kwanza, bidoni likashuka. Fundo la pili, unga na chumvi. Sufuria ikagonga jiwe. Kikombe kikabingirika mpaka miguuni mwa Mujinga. Mwisho akaliteremsha hema, akaliweka chini kwa mikono miwili. Mujinga alitazama, na kila fundo lililofunguka lilimfungua yeye kifuani. Kile kijito kilikuwa kikienda. Ule moshi kati ya miti ulikuwa ukienda. Na bado, Mungu amsamehe, hakuwahi kumpenda mtu huyu kama alivyompenda wakati ule, akiivunja ndoto yao kwa vidole vyake bila kukunja uso.

Mukalay akakipangusa kiti kwa shati lake. "Mama," alisema. "Iko tayari. Nitaendesha pole pole mupaka ku gare ya treni. Panda."

Tata Badibanga akamshika mkewe mkono. Mama Kabedi akainuka, akajikokota mpaka penye pikipiki. Akakitazama kiti. Akautazama mgongo wa Mukalay, aliyekwisha kukaa mbele na kushika usukani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yake. Akainamisha macho. Akavuta ncha ya kikwembe alichojifunga, akajifunika uso.

"Hapana," alisema. "Sitapanda."

Mujinga akaruka. "Mama, juu ya nini? Hata leo? Hata pikipiki yake inakuwa na kosa? Ameshusha bitu byote juu yako! Unataka tukuache hapa?"

"Mujinga, funga kinywa."

"Sifunge! Juu eko mutoto wa bale banatufukuza, njo vile?"

"Mutoto huyu hana akili," Mama Kabedi alisema akimgeukia mumewe, sauti ikitoka chini ya kitambaa. "Ulimufundisha nini? Mi, mama mutu muzima, nikae nyuma ya mukwe wangu? Nimukamate kiuno? Tupite hivyo mbele ya bantu? Haya haitaniua?"

Mama Odile ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akapiga makofi mara moja, akaufunika mdomo wake.

Mukalay akashuka kwenye pikipiki kama mtu aliyeungua. Hakumtazama mama. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye mparachichi, akageuka, akaelekeza uso wake ukutani kama inavyompasa mkwe, na pale ukutani mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyejua kama alicheka au alilia, na yeye mwenyewe pengine hakujua.

"Kabedi," Tata Badibanga alisema kwa upole, "umesema mukwe."

"Nimesema ile nimesema. Sasa tafuta mutu wa kuendesha hii tukutuku, jua linapanda."

Mzee akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha zamani, cha siku za mshahara na pombe ya mahindi, na ua ule haukuwa umekisikia tangu shida ianze. Akakicheka mpaka akajishika magotini.

"Mi najua kuendesha," Mujinga alisema.

Wote wakamgeukia.

"Alinifundisha. Ku kiwanja cha mupira, mangaribi."

"Ah," alisema Mama Kabedi chini ya kitambaa. "Kumbe njo kazi mulikuwa munafanya kule."

Basi waliondoka hivyo. Mujinga mbele, kikwembe kimekazwa mapajani, mama yake nyuma amemshika kiuno kwa nguvu zote za mtu asiyeamini chuma. Wanaume wangewafuata kwa miguu na mizigo. Vya safari ya pori vikabaki kwa Mama Odile, aliyeapa kwamba atakayevigusa atamkuta na mchi wa kinu.

Njia ilikuwa nyeupe kwa jua. Mujinga alikwepa mashimo kama alivyofundishwa, akisikia pumzi ya mama yake sikioni.

"Pole pole!"

"Niko pole pole, Mama. Kule chini ni tairi inazunguka, lazima izunguke."

Kwenye njia panda vijana wa wale waliokuwa wakifukuza watu walikuwa wamekaa juu ya magogo, matawi ya majani yamefungwa vichwani. Mujinga akasikia mikono ya mama ikikaza. Mmoja wao akasimama, akawatazama wakikaribia, msichana na kikongwe aliyejifunika uso. "Oo, banaiba bibi-arusi!" alipiga kelele, na wenzake wakacheka, wakawaacha wapite. Mbele kidogo Mama Kabedi akavuta pumzi.

"Mujinga."

"Mama."

"Ile hema. Mulikuwa munataka kulala mu hema, munaacha nyumba?"

"Ndoa ikiisha, Mama. Tulisema kisha ndoa."

"Hm." Wakapita nyumba mbili tatu, milango wazi, ndani tupu. "Kisha ndoa njo sawa."

Stesheni ilikuwa mji mwingine. Watu walikuwa wamelala, wamekaa, wamejipanga kando ya reli na chini ya ukuta, huku moshi wa masufuria ukipanda na watoto wakilia na kucheza kwa wakati mmoja. Mujinga alimtafutia mama yake mahali penye kivuli karibu na ukuta. Alipotaka kutandika mkeka, mama akamzuia.

"Nipe ile tawi kavu pale ukutani."

Akainama na miguu yake iliyovimba, akafagia. Alifagia maganda ya karanga, akafagia majivu ya watu waliokwisha kuondoka, akachora mpaka wake wa mraba ardhini kama mtu anayefagia ua wake. Kisha akatandika, akaketi, akanyosha kikwembe magotini.

Muda si muda wanaume wakafika. Tata Badibanga alikuwa na godoro, na Mukalay cherehani kichwani na gunia begani, jasho likimtiririka mpaka kwenye kope. Mama Kabedi alipomwona akajifunika uso na kugeukia ukuta.

"Mujinga, uambie mukwe wangu apumuzike. Uambie pale iko maji. Akunywe."

"Mama, eko hapa, anakusikia."

"Nimekutuma we, sikumutuma yeye masikio."

Mukalay akanywa. Mujinga akamwangalia anavyokunywa. Neno lilikwisha kutoka. Mlango aliougonga mwaka mzima ulikuwa wazi. Na sasa, mbele ya mlango huo, miguu yake haikutaka kuvuka. Akapiga magoti mkekani.

"Mama, nitaenda na nyinyi. Mukalay atanielewa. Siwezi kukuacha hapa chini, kwa ukuta, sawa mutu asiye na kwake."

Mukalay akageuza uso upande.

Mama Kabedi akauondoa mkono wa binti yake magotini mwake, akaushika kati ya viganja viwili.

"Nani amekwambia mi nimeachwa? Angalia. Nimefagia. Nimetandika. Nimekaa. Hapa ni kwangu mupaka ile treni ifike, na mutu atakayesema hapana, akuye aniambie mu macho." Akamvuta karibu. "Sikia, mwanangu. Mu ndoa, mutoto njo anaondoka. Mama anabakia amekaa. Vile njo mama yangu alinitoa mi, na vile njo mama yake alimutoa yeye. Baliweza kunitoa mu nyumba. Lakini kazi ya kukutoa we ni yangu, na hakuna mutu atanifukuza mu hii kazi. Kama unangoja treni, we utaniona mi naondoka. Sitaki. Utaondoka wa kwanza, mi nimekaa."

Mujinga alilaza kichwa mapajani mwa mama yake. Kikwembe kilinuka sabuni na moshi. Mama akampapasa shingo, akanywa fundo la maji, akambariki kwa kumnyunyizia viganjani kwa midomo, mara moja kulia, mara moja kushoto.

"Zaa. Cheka. Usimupikie chakula baridi."

Tata Badibanga akamwinua binti yake, akampeleka mpaka penye pikipiki. Akauweka mkono wake ndani ya mkono wa Mukalay, lakini hakuuachia.

"Kitendawili," alisema mzee.

"Tega, Tata."

"Kitu gani unatoa mu nyumba, na nyumba inajaa?"

Mukalay alimtazama Mujinga kwanza, kitambo kirefu, ndipo akajibu. "Mutoto mwanamuke, Tata. Juu akitoka mumoja, banarudi wawili."

"Murudi," alisema mzee. Ndipo akaachia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipepeta mchele karibu na reli alikuwa ameona yote. Akaweka ungo chini, akapiga kigelegele. Wa pili akaitikia. Kikapita kutoka mkeka hadi mkeka, kando ya ukuta wote, wanawake wasio na nyumba wala meza ya karamu wakimshangilia binti wasiyemjua, na katikati yao Mama Kabedi amekaa wima, uso wazi sasa, amekunja mikono kama mama yeyote siku ya harusi ya mwanawe.

Mujinga alipanda nyuma ya Mukalay. Akamshika kiuno. Pikipiki ikanguruma, ikaondoka polepole kati ya mizigo ya watu, kulifuata hema kwa Mama Odile. Bibi-arusi hageuki nyuma. Hakugeuka.

"Unalia?" Mukalay aliuliza.

"Endesha. Anaweza kuniona bado. Nitalia kisha kona."

Walipofika konani, Mukalay akapunguza mwendo.